Jina Likae Sekunde Ngapi?

Ukiandika jina la mtu kwenye Premiere Pro na usiguse mpangilio wowote, kwa kawaida programu hulipa sekunde 5. Kdenlive, programu ya bure inayowafaa wasio na pesa za leseni, nayo hutoa 5. CapCut ya simu hutoa 3. Zikiisha, jina hutoweka, liwe la bwana harusi, la mwalimu wa kwaya au la marehemu. Hakuna mtu wa Kariobangi, Nairobi, aliyeulizwa wakati sekunde hizo zilipokuwa zikipangwa. Zilipangwa ng'ambo, zikaja zimefungwa ndani ya programu hadi kwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la M-Pesa, na kijana aliyepewa kazi ya kuhariri video ya matanga akazipokea bila kuuliza, kama alivyopokea rangi ya vitufe.

Nimekuwa nikiwaza kuhusu sekunde hizo kwa muda. Watu wakizungumzia maandishi yanayocheza kwenye video, huzungumzia sura yake: fonti, rangi ya dhahabu, cheche zinazoruka herufi zinapojitokeza. Muda hausemwi. Hata hivyo muda ndio unaoamua kama jina lilisomwa au lilipita tu, na jina lililopita bila kusomwa ni sawa na mgeni aliyetajwa mbele ya watu kabla hajafika mlangoni. Kwa maoni yangu, kupanga muda wa maandishi ni suala la adabu kwanza, ufundi baadaye.

Kariobangi ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa sababu video za hapa zimejaa majina. Mtaa huu wa Eastlands ulianza kukua miaka ya 1960, watu walipohamishwa kutoka vibanda vya karibu na katikati ya Nairobi na kupewa viwanja wajijengee. Leo kuna Kariobangi North na Kariobangi South, kuna Light Industries ambako vyuma hukatwa na sufuria husubuliwa, na majirani ni Korogocho, Huruma na Dandora. Katika mtaa wenye watu wengi namna hii, sherehe haziishi, na kila sherehe ina kamera. Kuna harusi, ruracio ya mahari, mahafali ya chekechea, ibada ya shukrani, mazishi, mechi ya Jumapili na wimbo wa vijana uliorekodiwa juu ya ploti. Kila video ina mtu anayengoja kuliona jina lake.

Chukua video ya kwaya. Kabla sauti ya kwanza haijasikika, skrini inatakiwa itaje kwaya yenyewe, kigango, parokia, jimbo kuu, mtunzi, mwalimu, mpiga kinanda, studio, na nambari ya simu ya kualika kwaya. Mtu wa nje anaweza kuona ni orodha ndefu ya kuchosha. Aliyekaa kwenye kamati anajua kwamba kila jina pale lina mchango wake: huyu alitoa nauli, yule alishona sare, mwingine alikesha kwenye mazoezi baada ya kazi ya kutwa. Jina kwenye skrini ndiyo risiti yao. Ukiwapa nusu sekunde kila mmoja, umewalipa kwa noti uliyoikunja ili wasione ni ya ngapi.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe. Maisha ya jina kwenye skrini yana sehemu tatu: kuingia, kukaa na kutoka. CapCut inazitenga kabisa, mwendo wa kuingia kivyake na wa kutoka kivyake, kila mmoja na kitelezi chake cha muda. Hapo ndipo hesabu inapopotea. Sekunde 3 zinaonekana nyingi mpaka uweke mwendo wa kuingia wa sekunde 1 na wa kutoka wa sekunde 1. Kilichobaki ni sekunde 1 ya jina lililotulia. Katika zile 2 nyingine, herufi zinazunguka, zinapanuka, zinadondoka moja moja, na jicho la msomaji linazikimbiza badala ya kuzisoma. Mhariri anasema ametoa sekunde 3. Msomaji alipata 1.

Kwenye programu kubwa za kompyuta, mwendo huo hupangwa kwa vialama vidogo vyenye umbo la almasi vinavyokaa kwenye taimulaini. Cha kwanza kinasema hapa neno liko nje ya skrini. Cha pili kinasema hapa limefika. Kompyuta inajaza kilichomo kati yake. Ukiviacha hivyo, neno litakwenda kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho na kusimama kwa mshtuko, jambo ambalo kitu chenye uzito hakifanyi. Wachoraji wa Disney walilijua hili kabla ya kompyuta. Frank Thomas na Ollie Johnston, katika kitabu chao cha 1981, waliliweka kati ya kanuni 12 za uchoraji wa katuni: kitu huanza polepole, hushika kasi, kisha hupunguza kasi kinapokaribia kutua.

Mkunjo unaopanga kupungua huko kwa kasi ulitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliifanyia kazi hesabu yake Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier akaieneza kutoka Renault miaka ya 1960, wote wakitafuta njia ya kueleza umbo la bodi ya gari kwa namba. Renault ni kampuni ileile iliyotengeneza Renault 4, gari ambalo Wakenya walilibandika jina la Roho. Leo kijana wa Kariobangi anauvuta mkunjo wa Bézier kwa panya ya kompyuta ili jina la bibi harusi litue bila kugonga. Akiuvuta vizuri, hakuna atakayeuona. Watu watasema tu video ni safi.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni la kunyoosha. Mteja anasema jina lirefushwe kidogo, na mhariri anashika ukingo wa klipu na kuuvuta. Katika baadhi ya programu, mwendo wote unanyooka pamoja na klipu: kuingia kulikochukua nusu sekunde sasa kunachukua muda mrefu zaidi, herufi zinatambaa, watu wanasubiri. Katika nyingine, vialama vya kutoka vinabaki pale pale vilipokuwa, jina linatoweka kwa wakati wa zamani, na sehemu iliyoongezwa inabaki tupu. Ukifupisha, hali inageuka: mwendo wa kutoka unakatwa na jina linafutika ghafla. After Effects ilileta mwaka 2018 namna ya kuulinda mwanzo na mwisho wa mwendo ili kinachonyooka kiwe sehemu ya kati peke yake. Asiye na programu hiyo anaweza kufanya hivyohivyo kwa mkono, kwa kuchukua vialama viwili vya mwisho na kuvisogeza mbele pamoja. Jina husomwa katikati. Kinachotakiwa kuongezwa ni katikati.

Swali linarudi kwa msomaji: anahitaji muda gani? Watu wa maandishi ya chini ya filamu wana vipimo vyao. Kwenye televisheni, mistari miwili iliyojaa imezoeleka kupewa takriban sekunde 6. Netflix kwa miaka mingi imetumia herufi 17 kwa sekunde kwa vipindi vya watu wazima katika lugha nyingi, na hairuhusu maandishi kukaa chini ya sehemu 5 kati ya 6 za sekunde wala zaidi ya sekunde 7. Chukua mstari mmoja wa kawaida wa hapa: Parokia ya Utatu Mtakatifu, Kariobangi. Ukihesabu na nafasi, ni herufi na alama 38. Kwa kipimo hicho unahitaji zaidi ya sekunde 2 za utulivu, bila kuhesabu kuingia wala kutoka. Ukiupa ile sekunde 1 iliyobaki kwenye sekunde 3, msomaji ataishia kwenye Utatu.

Na usihesabu maneno. Ushauri unaosema kila neno lipewe sehemu fulani ya sekunde hautufai. Mtu akiandika Hatutakusahau chini ya picha ya baba yake, ameandika neno moja lenye herufi 13 na sentensi nzima ndani yake. Kipimo cha maneno kitalipa muda sawa na neno na. Anayehariri kwa Kiswahili ahesabu herufi, au bora zaidi, ahesabu silabi, kwa sababu wengi wa wasomaji wetu wazee husoma kwa silabi, midomo ikicheza.

Hao ndio wasomaji ambao mhariri kijana huwasahau. Yeye jina analijua, ameliandika mwenyewe, ameshaliona kwenye taimulaini mara nyingi. Macho yake hayasomi tena, yanatambua tu. Nimewahi kukaa pembeni ya mhariri mmoja siku ambayo mteja alikuwa mama mzee aliyekuja kuona video ya mazishi ya mumewe kabla ya kuilipia.

"Shosho, hapo umesoma?"

"Nimeanza tu, mjukuu wangu. Rudisha."

Akarudisha, jina likapita tena kwa kasi ileile. Mara ya tatu kijana hakurudisha. Aliondoa mzunguko wa herufi, akaacha jina lijitokeze taratibu na likae. Mama akasoma majina yote matatu kwa sauti, kisha mwaka wa kuzaliwa, kisha mwaka wa kufariki, akanyamaza. Kijana alikuwa amejifunza kwa msomaji mmoja kitu ambacho hakimo kwenye mafunzo mengi ya YouTube: kipimo cha muda ni mtu anayesoma polepole zaidi kati ya wale ambao video ni yao.

Kuna pia suala la kukata mistari. Jina refu likigawanywa mahali pabaya, muda wowote utakaoupa hautatosha, kwa kuwa msomaji anarudi nyuma kuunga kilichokatwa. Malenga wetu walilimaliza suala hili zamani. Mshororo wa mizani 16 haukatwi popote. Hugawika 8 na 8, ukwapi na utao, na pumzi inaangukia pale ambapo maana nayo inapumzika. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuwa na skrini, lakini angejua kwamba Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi hukatwa baada ya Mwenyekiti, si baada ya wa.

Mbali na jicho, kuna mkono. Video nyingi za mtaani zinaomba mchango: bili ya hospitali, karo, ujenzi wa kanisa, gharama za kusafirisha mwili hadi nyumbani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mchango una nambari, na nambari hiyo hupita kwenye skrini kama jina lingine lolote. Kumbe kazi yake ni tofauti. Anayelipa kwa kabambe lazima afungue menyu, achague M-Pesa, achague Lipa na M-Pesa, achague Paybill, na hapo ndipo simu inapomwuliza nambari ya biashara. Wakati huo nambari imeshaondoka. Anayetazama kwa simu hiyohiyo atakayolipia hata hana pa kuitazamia. Nambari ya kulipia haitakiwi kucheza hata kidogo. Ikae chini ya skrini tangu ombi linapoanza hadi linapoisha, na irudi tena mwisho wa video, tarakimu zikiwa zimetengwa kwa makundi ili ziingie kichwani. Mchango uliopotea kwa sababu nambari ilitoweka hauonekani kwenye ripoti ya mweka hazina.

Kisha kuna sikio, na hapa swali linabadilika. Jina linasimama peke yake, lakini maneno mengine yana tukio la kufuata. Kanisani, maneno ya wimbo yakioneshwa ukutani yanapaswa kufika kabla ya sauti, kwa sababu waumini wanahitaji kuvuta pumzi wakiwa wanajua wanakwenda wapi. Yakifika pamoja na sauti, silabi ya kwanza ya kila ubeti itaimbwa na kwaya peke yake. Kwenye wimbo wa vijana uliowekewa maneno, kinyume chake: neno linatua juu ya pigo, si kabla. Na kwenye mpira, maandishi yanakuja baada.

Tarehe 7 Julai 2019, Kariobangi Sharks, mabingwa wa kombe la SportPesa lililochezwa Dar es Salaam mwezi Januari mwaka huo, waliikaribisha Everton ya Uingereza uwanjani Kasarani. Dakika 90 ziliisha 1-1, na Sharks wakashinda 4-3 kwa penalti. Mtaa una haki ya kuitazama penalti ya ushindi mpaka uzeeni. Hebu fikiri klipu yake ambayo neno TUMESHINDA linatokea fremu chache kabla ya mambo kuamuliwa. Hakuna kilichobadilika uwanjani, lakini mtazamaji ameporwa ile pumzi aliyokuwa ameishika. Fremu 10 zinatosha kuharibu furaha ya mtaa mzima, na fremu 10 kwenye taimulaini ni upana wa ukucha.

Fremu zenyewe zina historia ya hapa. Umeme wa Kenya hupiga mara 50 kwa sekunde, ndiyo maana televisheni yetu ilirithi fremu 25 kwa sekunde, nusu ya mapigo ya umeme. Simu nyingi za mkononi zimepangwa kupiga video kwa fremu 30, hesabu iliyotoka nchi za umeme wa mapigo 60. Ndiyo sababu ya kumetameta kwa taa kunakoonekana kwenye video za ukumbini. Kwa maandishi, tofauti hii inakuja kwenye mdundo. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una pigo moja kila sekunde 0.6, yaani fremu 15 kamili ukihariri kwa 25, na fremu 18 kamili ukihariri kwa 30. Wimbo wa mapigo 120 una pigo kila nusu sekunde: kwa 30 ni fremu 15, lakini kwa 25 ni fremu 12 na nusu, na nusu fremu haipo. Mhariri anayenakili umbali wa pigo moja hadi mwisho wa wimbo atashangaa maneno yakianza kuchelewa au kuwahi. Dawa ni kubadilishana, 12 kisha 13 kisha 12, na kila baada ya muda kurudi kwenye wimbi la sauti na kulinganisha kwa sikio. Aliyepanga kwa fremu 30 toka mwanzo alishaukwepa mtego, ila awe amepiga picha kwa fremu hizohizo.

Dharau kwa maandishi haikuanza na simu. Huko Marekani, majina ya mwanzo wa filamu yalikuwa yakioneshwa juu ya pazia lililofungwa huku watu wakinunua bisi. Saul Bass alipotengeneza majina yanayocheza ya The Man with the Golden Arm mwaka 1955, filamu hiyo ilipelekwa na maagizo kwa waendesha mashine wafungue pazia kabla ya majina kuanza. Kwetu Eastlands, kwenye vibanda vya video, majina ya mwanzo yalikuwa muda wa kutafuta benchi, na aliyekuja kuyajaza mapengo hakuwa mchoraji bali msimulizi. DJ Afro alizisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili cha mtaani, akawapa waigizaji majina mapya na tabia za majirani zetu. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, aliyefanya kazi ya aina hiyo. Waliyafanyia maandishi ya kigeni kile ambacho maandishi yenyewe hayakukifanya: waliwasubiri wasikilizaji wao. Msimulizi husikia kibanda kikicheka, akanyamaza kicheko kiishe. Programu haisikii kicheko. Mhariri ndiye anayetakiwa kukisikia mapema, akiwa peke yake na taa ya kompyuta.

Najua jibu la vijana, na si jibu dogo. Watasema haraka ndiyo lugha ya wakati huu, kwamba video ya sekunde 15 haina nafasi ya jina la sekunde 5, kwamba mtazamaji wa simu akipitwa na neno atalisimamisha kwa kidole au atairudia klipu, na kurudia huko kunaisaidia video kusambaa. Wana haki. Neno linalopita kama radi juu ya pigo la gengetone ni sanaa yake, na mtu asiyelisoma lote bado amelipata, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupiga, si kuarifu. Siombi kila kitu kiende polepole.

Ninachodai ni kwamba haraka iwe imechaguliwa na mtu anayejua video itatazamwa wapi. Simu ina kidole cha kusimamisha. Hema la matanga halina. Pale projekta inaonesha mara moja, jua linaingia kwa pembeni, watoto wanapita mbele ya mwanga, na mjomba aliyetoka mashambani asubuhi hiyo amekaa safu ya nyuma bila miwani. Matatu ni hali nyingine tena: skrini inatikisika, abiria amepanda wimbo ukiwa katikati, ndiyo maana desturi ya runinga za muziki ya kutaja jina la wimbo mwanzoni na tena karibu na mwisho ni ya busara. Templeti iliyokuja na programu haijui lolote kati ya haya. Iliundwa kwa ajili ya skrini moja, ya mtu mmoja mwenye macho mazuri na kidole kilicho tayari.

Kuna majina ambayo hayana ruhusa kabisa ya kuachiwa templeti. Tarehe 4 Mei 2020, katikati ya janga la korona, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi karibu na mitambo ya majitaka, licha ya agizo la mahakama. Watu walipiga video kwa simu. Thamani ya video kama hiyo kesho na keshokutwa iko kwenye mstari mmoja wa maandishi: mahali na tarehe. Mstari huo ukikaa sekunde 1 mwanzoni, atakayekata kipande cha katikati ataondoka na picha isiyo na tarehe, na picha isiyo na tarehe inaweza kusingiziwa ubomoaji wowote, wa mtaa wowote, wa serikali yoyote. Tarehe ya ushahidi ikae kwenye kona ya skrini tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho.

Vivyo hivyo na orodha za waliokufa. Baada ya maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifikisha idadi ya waliouawa kuwa watu 60. Ukiweka majina 60 kwenye video ya dakika moja ya kumbukumbu, kila jina linapata sekunde 1, na hapo hujatoa nafasi ya kuingia wala kutoka. Ukilipa kila jina sekunde 4, unahitaji dakika 4 za majina matupu, bila muziki kupanda, bila picha ya jiji kutoka angani. Mhariri ataogopa kwamba watu watachoka. Wachoke. Dakika 4 za kuchoka ni kidogo kwa watu 60, na video ambayo haiwezi kuzimudu ingesema idadi tu na isijifanye kutaja majina.

Kwa hiyo, wewe unayehariri, huko North au South, kwenye kompyuta au kwenye simu iliyopasuka kioo: kabla ya kurenda, ita mtu mzima ambaye hajawahi kuiona video hiyo. Usimwambie kilichoandikwa. Mketishe umbali ambao watazamaji watakaa, cheza mara moja tu, na umwache asome kwa sauti. Jina likiondoka kabla hajamaliza, punguza mbwembwe za kuingia na uongeze muda wa kukaa, kisha umwite tena. Fonti nzuri zinauzwa, templeti zinauzwa, leseni za programu zinauzwa kila mwezi. Sekunde za kuongeza kwenye jina la mtu hazina bei, na anayezinyima ni mhariri mwenyewe.